Wenye kipandauso wafikishwe kwa daktari bingwa mapema

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwaeleze wasomaji, na hasa wahudumu wa afya wa mkoa wetu wa Kilimanjaro, jambo ninaloliona karibu kila siku nikiwa nyuma ya kaunta ya famasi ninayofanyia kazi hapa Moshi mjini, jirani na stendi ya mabasi. Mimi ni mteknolojia wa dawa. Kazi yangu ni kusoma cheti cha daktari, kutoa dawa na kumweleza mgonjwa namna ya kuitumia, wala si kupima watu au kuwatibu; lakini mtu anayetoa dawa mtaa mmoja kwa muda mrefu huwafahamu wateja wake kwa maradhi yao, na kundi moja la wateja hao ndilo lililonifanya nishike kalamu. Ni watu, wengi wao wanawake walio katika umri wa kufanya kazi na kulea, ambao hununua dawa za maumivu ya kichwa wiki hadi wiki na mwaka hadi mwaka, na hakuna hata mmoja kati ya waliowahudumia aliyewahi kuwaambia kwamba wana kipandauso, kwamba ugonjwa huo una tiba yake, na kwamba yuko daktari bingwa wa kuushughulikia.

Mmoja wao ni mama anayeuza ndizi na parachichi katika Soko la Mbuyuni. Huja amejifunga kanga kichwani kwa nguvu mpaka pindo linaacha alama kwenye paji la uso, kiganja kimefunika jicho la kushoto kwa sababu ya jua, na huzungumza kwa sauti ya chini sana kwa kuwa honi za daladala zinamzidishia maumivu. Anachoomba ni kile kile: "Nipe zile za kichwa, zile kali." Siku moja foleni ilipopungua nilimwomba akae kwenye benchi anieleze. Akasema kichwa humshika upande mmoja, kikapwita pamoja na mapigo ya moyo, akainama kuokota kitu kikazidi, akatapika, kisha akalala chumba cha giza siku nzima na pengine ya pili, na biashara ikabaki mikononi mwa binti yake anayepaswa kuwa shuleni. Amepimwa malaria mara zisizohesabika. Ametibiwa taifodi, amepewa miwani, ameambiwa ni sinusi, presha yake imepimwa na kukutwa sawa, ameombewa, na kwenye mapanja yote mawili ana chale alizochanjwa kijijini na kusuguliwa dawa nyeusi. Hatimaye familia iliuza ng'ombe wa maziwa ili apigwe picha ya kichwa ya CT Scan katika hospitali moja ambayo sina haja ya kuitaja. Picha ikatoka safi, naye akarudishwa nyumbani na maneno mawili tu: "Huna kitu."

Maneno hayo, Mhariri, yalimdhuru kuliko chale. Tangu siku hiyo mume wake na wakwe zake waliamini kwamba anajisingizia, na yeye mwenyewe akaacha kutafuta msaada hospitalini akabaki na vidonge vya kununua. Mtu aliyempa majibu yale hakusema uongo kuhusu picha. Alichokosa kumwambia ni kwamba picha ya namna ile hutafuta uvimbe, damu iliyovuja au maji yaliyojaa, wakati kipandauso ni ugonjwa wa namna ubongo unavyofanya kazi, na kuutafuta kwenye CT Scan ni sawa na kupiga picha ya redio ukitaka kusikia mikwaruzo yake. Picha safi kwa mtu mwenye maelezo kama ya mama huyu haiondoi ugonjwa. Inaondoa magonjwa mengine, na hapo ndipo matibabu ya kipandauso yalipaswa kuanza.

Wataalamu wanayafahamu mengi kuhusu kinachotokea ndani ya kichwa wakati huo. Mwaka 1944 mtafiti wa Brazil, Aristides Leão, alichapisha maelezo ya wimbi linalosambaa polepole juu ya tabaka la nje la ubongo wa sungura, likizima kwa muda kazi za sehemu linazopitia. Leo wimbi la aina hiyo ndilo linaloaminika kuleta zile dalili za macho na ganzi ambazo baadhi ya wagonjwa huzipata kabla ya maumivu. Maumivu yenyewe yanahusika na mshipa mkubwa wa fahamu wa uso, ambao matawi yake hufika kwenye utando unaofunika ubongo. Mshipa huo unapoamshwa humwaga kemikali zinazousumbua utando na mishipa ya damu iliyoko pale, na ndiyo maana kila pigo la moyo husikika kama pigo ndani ya fuvu. Ugonjwa hurithiwa katika familia nyingi, na si ajabu bibi, mama na binti wote wakawa na kichwa kile kile, kila mmoja akidhani ni laana ya ukoo.

Nasisitiza jambo la kurithi kwa sababu ndilo linaloondoa lawama. Mwanamke hakupata kipandauso kwa kuwa ana mawazo mengi, wala kijana hakukipata kwa sababu ya uvivu. Mawazo, kukosa usingizi, kupitisha mlo, kutokunywa maji ya kutosha, moshi wa jikoni, harufu kali, jua la utosini na siku za hedhi vinaweza kukiamsha kwa mtu ambaye tayari ubongo wake una maumbile hayo, lakini jirani yake anaweza kupitia hayo yote na asipatwe na kitu. Nimewaona wateja wakijilaumu kwa kila kitu walichokula jana yake, wakiacha maharage, wakiacha maziwa, wakiacha kahawa ya hapa kwetu kwa ghafla na kuongeza maumivu mengine juu yake, kwa maana anayezoea kahawa kila siku akiikata mara moja kichwa humuuma kwa kuikosa.

Ukubwa wa tatizo haupaswi kushangaza mtu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 magonjwa ya maumivu ya kichwa kwa jumla yaliwagusa watu bilioni 3.1, takriban asilimia 40 ya watu wote duniani. Kipandauso ni sehemu tu ya hao, lakini ndicho kinachowalaza watu kitandani, na huwapata wanawake mara mbili hadi tatu zaidi ya wanaume kutokana na homoni. Wapo wanaodhani haya ni maradhi ya wazungu wa maofisini. Jirani zetu wa Haydom, mkoani Manyara, walitembelewa nyumba kwa nyumba katika utafiti uliochapishwa 2010 na uliohusisha watu zaidi ya 7,000 wa vijijini, na kipandauso kilikutwa huko huko, kwa wakulima na wafugaji.

Utambuzi wake hauhitaji mashine. Unahitaji mhudumu mwenye subira ya kusikiliza. Kwa vigezo vya kimataifa vinavyotumiwa na madaktari, mtu mzima anahesabiwa kuwa na kipandauso kisicho na dalili za utangulizi ikiwa amepata angalau vipindi vitano vya kichwa kinachodumu kati ya saa 4 na saa 72 kisipotibiwa. Kichwa hicho kiwe na sifa mbili kati ya nne, yaani kushika upande mmoja, kupwita, kuuma kwa kiasi cha kati au kikali, na kuzidi mtu anapotembea au kupanda ngazi. Tena kiambatane na kichefuchefu au kutapika, au na kutovumilia mwanga na kelele kwa pamoja, na pasiwe na ugonjwa mwingine unaoeleza hali hiyo vizuri zaidi. Mhudumu wa zahanati mwenye wagonjwa wengi nje anaweza kuanza na maswali matatu mafupi ambayo hutumika mahali pengi: Je, kichwa kinapouma unasikia kichefuchefu? Je, mwanga unakusumbua kuliko siku nyingine? Je, katika miezi mitatu iliyopita kichwa kimewahi kukuzuia kufanya kazi zako japo kwa siku moja? Anayejibu ndiyo kwa mawili kati ya hayo anastahili kuulizwa zaidi kuhusu kipandauso kabla ya kuandikiwa kipimo kingine cha malaria.

Wengine hupata dalili za utangulizi, na hapa naomba wasomaji wanivumilie kidogo kwa kuwa jambo hili lina hatari yake. Kabla ya kichwa kuanza, mgonjwa huona vimulimuli au mstari wa pembepembe unaometameta, ambao hutanuka taratibu na kumfunika sehemu ya anachokitazama; au ganzi huanza vidoleni, ikapanda mkono hadi pembeni mwa mdomo; au maneno humpotea. Hali hiyo huja polepole, hudumu kwa kawaida kati ya dakika 5 na saa moja, kisha huondoka yenyewe. Watu wengi walionieleza walikuwa wameificha kwa hofu ya kuambiwa wana majini. Sasa, mwanamke mwenye dalili hizo hapaswi kutumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni ya estrojeni, kwa sababu viwili hivyo vikikutana huongeza uwezekano wa kupata kiharusi, na miongozo ya Shirika la Afya Duniani iko wazi juu ya hilo. Zipo njia nyingine nyingi za uzazi wa mpango zinazomfaa. Lakini nani anamuuliza? Mama hufika kliniki, hupimwa presha na uzito, huulizwa kama ananyonyesha, huondoka na pakiti yake, na swali moja la kama huona vimulimuli kabla ya kichwa kuuma halimgusi mtu. Ningependa swali hilo liandikwe kwenye fomu.

Nirudi kwenye kaunta yangu. Dawa za kutuliza maumivu ni nzuri, nazo ndizo tiba ya kwanza ya kipandauso, ila zina mpaka ambao wengi hawaujui. Mtu anayetumia parasetamoli, aspirini, ibuprofeni au diklofenaki kwa siku 15 au zaidi katika mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu, dawa zenyewe zinaweza kugeuka kuwa chanzo cha kichwa. Na kwa vidonge vya mchanganyiko, vile vyenye dawa mbili au tatu na kafeini ndani yake, mpaka ni siku 10 tu. Dalili yake naifahamu: mteja aliyekuwa akija mara moja moja sasa anaamka na kichwa kila asubuhi, anakunywa vidonge viwili pamoja na chai, vinampa nafuu hadi mchana, kisha kichwa kinarudi naye anarudi kwetu. Huona kwamba dawa zimechakachuliwa au mwili umezizoea, akaomba kali zaidi, na kali zaidi ndiyo inayomchoma tumbo. Nimetoa dawa za vidonda vya tumbo kwa watu ambao vidonda hivyo vililetwa na diklofenaki iliyonunuliwa kwa ajili ya kichwa, na figo nazo zinaumia polepole bila mtu kuhisi. Tiba ya hali hiyo ni kuziacha dawa zile chini ya uangalizi wa daktari. Siku za mwanzo kichwa huwa kibaya kuliko kawaida, na mgonjwa ambaye hakuonywa hukimbilia duka lingine jioni ile ile.

Kwa nini basi tunawauzia? Swali hilo ni la haki. Dawa nyingi za maumivu huruhusiwa kuuzwa bila cheti, maduka ni mengi, na mteja niliyemshauri aende hospitali akikuta duka la pili linamhudumia bila maswali, ushauri wangu haumfikishi mbali. Ndiyo maana siamini kwamba suala hili litamalizwa na watoa dawa peke yetu.

Matibabu sahihi yana sehemu mbili. Ya kwanza ni ya kukikata kichwa kinapoanza, na siri yake ni kuwahi na kutumia kipimo kamili: mtu mzima anayemeza kidonge kimoja kimoja kila baada ya saa kadhaa, akisubiri kuona kama kitapoa, hukosa nafasi, kwa sababu kipandauso kikishapamba moto tumbo nalo hupunguza mwendo na dawa hainyonywi vizuri. Daktari huongeza dawa ya kuzuia kutapika kwa sababu hiyo. Kama hizo hazitoshi kuna kundi la dawa liitwalo triptani, lililobuniwa kwa ajili ya kipandauso hasa. Ya kwanza, sumatriptani, ilianza kutumika mwaka 1991, na Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2021. Haimfai mwenye ugonjwa wa moyo, aliyewahi kupata kiharusi au mwenye presha isiyodhibitiwa, ndiyo maana haifai kupeana jirani kwa jirani. Hapa Moshi haipatikani kwa urahisi, na inapopatikana bei yake humshinda mchuuzi wa ndizi. Natamani siku moja ipangwe kwenye rafu za hospitali za serikali.

Sehemu ya pili ni ya kuzuia, na hii ndiyo iliyosahaulika kabisa. Mtu anayeumwa siku nne au zaidi kwa mwezi, au ambaye vipindi vyake ni vichache lakini vinamwangusha, anastahili kuongea na daktari kuhusu dawa ya kumeza kila siku ili vipindi vipungue. Dawa hizo si ngeni wala ghali. Propranololi na amitriptilini ziko kwenye orodha ya taifa ya dawa muhimu, na tunazitoa kila wiki kwa magonjwa mengine. Kikwazo kikubwa nilichokiona ni maelezo. Dada mmoja aliandikiwa propranololi, akafika kwetu, akasoma boksi, akairudisha akisema, "Hii ni ya presha, na mimi sina presha, daktari amekosea." Mwingine aliambiwa na shoga yake kwamba amitriptilini ni ya wagonjwa wa akili, akaitupa chooni baada ya juma moja. Hakuna aliyewaeleza kwamba dawa hizo zina kazi zaidi ya moja, kwamba kwa kipandauso huanzishwa kwa kipimo kidogo na kupandishwa taratibu, wala kwamba matokeo yake hupimwa baada ya miezi miwili au mitatu. Mwenye pumu asipewe propranololi, na hilo nalo lataka kuulizwa. Baadhi ya dawa za kifafa hutumika vilevile, na moja kati yake, valproeti, haimfai mwanamke anayeweza kushika mimba kwa kuwa hudhuru mtoto tumboni. Uchaguzi wa namna hiyo ndiyo kazi ya daktari aliyebobea, na ndipo hoja yangu inapoegemea.

Lakini kabla ya kufika huko lazima niseme kwamba si kila kichwa ni kipandauso, na sipendi mtu asome barua hii akajitibu mwenyewe. Kichwa kinachopasuka ghafla na kufikia ukali wake wote ndani ya dakika moja, kichwa chenye homa na shingo ngumu, kichwa kilichoambatana na udhaifu wa upande mmoja, degedege au kuchanganyikiwa, kichwa kilichoanza baada ya ajali ya bodaboda, kichwa kipya kwa mtu aliyevuka miaka 50 au kwa mtu mwenye upungufu wa kinga, hivyo ni vya kukimbizwa hospitali siku ile ile. Mjamzito mwenye kichwa kikali na macho yenye ukungu apimwe presha mara moja, kwa maana kifafa cha mimba hakisubiri. Huku kwetu kaskazini, ambako nguruwe hufugwa na nyama yake huliwa sana, viluwiluwi vya tegu wa nguruwe vikiingia ubongoni huleta kifafa na maumivu ya kichwa, na mtu mzima anayeanza kifafa ukubwani achunguzwe kwa hilo. Na kwa ndugu zetu wapagazi na waongozaji watalii: kichwa kinachoanza ukiwa juu ya mita 2,500 kichukuliwe kuwa ni ugonjwa wa kimo mpaka ithibitike vinginevyo, hata kama nyumbani unajulikana kuwa na kipandauso. Kilele cha Kilimanjaro kiko mita 5,895, na kuendelea kupanda huku kichwa kikizidi kumewahi kugharimu maisha ya watu.

Sasa kuhusu daktari bingwa. Moshi si mji wa kulalamika kwamba hospitali kubwa ziko mbali. Tuna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mawenzi katikati ya mji, na Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya KCMC, iliyofunguliwa 1971, inafikiwa kwa daladala kutoka stendi. Wenzetu wa mikoa mingine hulala safarini ili kufika mahali ambapo sisi tunapapita tukienda kusalimia ndugu. Na bado mama wa Mbuyuni ameishi na ugonjwa huu tangu ujana wake, huku akinunua dawa umbali wa kutembea kwa miguu kutoka kwenye mlango wa hospitali, kwa sababu hakuna aliyemwandikia barua ya rufaa yenye maelezo ya maana. Nimezisoma barua za rufaa za wagonjwa wa kichwa. Nyingi huandikwa "maumivu ya kichwa ya muda mrefu" na basi. Daktari wa huko juu analazimika kuanza upya, vipimo vinarudiwa, na mgonjwa aliyekuja kutoka Rombo au Same huona ametupa nauli.

Ombi langu kwa Ofisi ya Mganga Mkuu wa Mkoa ni kwamba katika vikao vya mafunzo kazini ambavyo tayari hufanyika, kipandauso kipewe nafasi yake, ili mhudumu wa zahanati na wa kituo cha afya aweze kukitambua, kuanza tiba ya kawaida ya kukikata na ya kukizuia, na kumpa mgonjwa rufaa bila kuombwa mambo yafuatayo yanapojitokeza: dawa mbili za kuzuia zimetumika ipasavyo bila nafuu, siku za kichwa zimefika 15 kwa mwezi, dawa za maumivu zimezidi mpaka, au dalili za utangulizi zimebadilika na si zile alizozizoea mgonjwa. Barua iseme kichwa kilianza lini, kinashika vipi, dawa gani zilijaribiwa, kwa kipimo gani na kwa muda gani. Hayo hayaongezi gharama hata ya shilingi moja kwa zahanati.

Mgonjwa naye ana sehemu yake, na kwa uzoefu wangu hakuna kinachomsaidia daktari kuliko daftari. Nilimpa yule mama daftari dogo la shule na kumwomba binti yake amwandikie. Ukurasa mmoja ulisomeka hivi: "Jumanne. Kimeanza saa tisa usiku, kushoto. Ametapika mara mbili. Amemeza vidonge viwili saa kumi na moja, vingine viwili saa nne. Hakwenda sokoni. Kimeisha Jumatano jioni. Siku zake zimeanza Jumatano." Mistari ile ya mtoto wa shule ilikuwa na habari zaidi ya bahasha nzima ya vyeti alivyokuwa navyo. Hospitalini alikofika na daftari hilo hakutumwa kupiga picha nyingine. Aliulizwa, akasikilizwa, akapewa jina la ugonjwa wake na dawa ya kuzuia. Kichwa hakijamwacha, na daktari alimwambia waziwazi kwamba ugonjwa huu hutulizwa na kudhibitiwa, haung'olewi. Lakini sasa hupitisha majuma bila kufunga kanga ile.

Waajiri na walimu wakuu nawaomba jambo moja: mfanyakazi au mwanafunzi mwenye cheti cha kipandauso aruhusiwe kulala mahali penye giza na utulivu mapema, dawa ikiwa imeshamezwa, kwa sababu saa mbili za namna hiyo zinaweza kuokoa siku mbili. Wasichana wa sekondari ndio ninaowafikiria zaidi, kwani kwa wengi ugonjwa huu huanza katika umri wa kuvunja ungo, na msichana anayelala juu ya dawati kila mwezi hudhaniwa mengine.

Kwa upande wetu wenye famasi na maduka ya dawa, napendekeza kitu kinachoweza kuanza bila kusubiri bajeti. Mteja anayerudi kununua dawa ya kichwa kiasi kwamba tunamkumbuka sura, tumpe karatasi ndogo yenye maswali yale matatu, siku alizonunua dawa na jina la dawa alizopewa, apeleke zahanati ya kwao. Tunachoomba kwa wahudumu wa zahanati ni kuipokea karatasi hiyo, kuisoma, na kuiambatanisha kwenye jalada la mgonjwa. Na kama Mganga Mkuu wa Mkoa atakubali karatasi hiyo iwe na muundo mmoja kwa mkoa mzima, niko tayari kushirikiana na wenzangu wa Moshi mjini kuandaa rasimu yake na kuipeleka ofisini kwake.

Wako katika kazi,
Mteknolojia wa dawa,
Moshi